Bomba Lililotupwa Stoo

Mimi nimetembea mikoa mingi na bado naogopa hata jiko la gesi, kwa hiyo haya yalimkuta rafiki yangu Masalu, fundi wa kiwanda cha mafuta ya pamba pale Bariadi. Asubuhi alikata bomba bovu la mvuke, akalitupa stoo, akafunga jipya. Boila ikachemka, geji ikapanda, lakini bomba jipya likabaki baridi. Bila joto lile, mbegu hazikamuliki vizuri.

"Masalu," meneja akamwambia, "lisipopata moto hadi jioni, kesho baki nyumbani."

Akalifungua, akalisafisha, akalifunga tena. Akalitukana kwa Kisukuma, maana matusi ya Kiswahili yalikuwa yamemwishia. Wapi!

Ndipo akasikia mvuke ukifoka stoo, chumba kisicho na dirisha. Akaingia akipapasa gizani, akaungua kiganja. Lilikuwa lile bomba la zamani, limelala sakafuni, halijaungwa popote, likitoa mvuke ncha zote mbili.

"Scola!" akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye boila. "Funga valvu ya bomba jipya, dada!"

Scola akafunga. Palepale gizani, bomba likanyamaza.