Pijo la Mjane

Ijumaa, saa nne asubuhi. Migori.

Kinu cha posho kilinguruma upande wa pili wa ukuta, na ndiyo sababu Maroa alikipenda chumba kile. Humo ndani ungeweza kupanga kumuuza mama yako mzazi na jirani asisikie neno.

"Rudia," Maroa alisema.

"Mimi ni mjane," Dorine alianza. "Bwanangu amekufa mwezi jana. Ameniacha na hii Pijo na mimi hata kuendesha sijui. Watu wake wanataka kunyang'anya..."

"Hapo ulie."

"Nitalia. Kwani kazi yangu ni gani?"

Genge lilikuwa la watu watatu tu. Maroa alikuwa mkubwa wao: mwili mpana, sauti ndogo, shati limepigwa pasi hata siku ya wizi. Dorine, binti wa Rangwe, alikuwa muuzaji. Zablon alikuwa fundi na dereva, na gari lenyewe alikuwa amelifanyia kazi kwa mikono yake. Pijo 504, kabureta mbili, springi ngumu, ekzosi yenye sauti nzito ya kumgeuza mtu shingo. Kila aliyeliendesha alitaka kulinunua.

Kazi kubwa zaidi haikuonekana. Chini ya kiti cha nyuma Zablon alificha tangi dogo la pili. Chini ya zulia la dereva aliweka koki. Ukiifunga, injini inakunywa kutoka tangi dogo tu. Gari linatoka Homa Bay likiwa zima, linafika mteremko wa kabla ya Rangwe, linakufa. Geji inasema petroli ipo nusu tangi. Mwenye gari anafungua boneti na kukuna kichwa. Fundi anatokea na kisanduku chake.

"Mnunuzi anaitwa Mayaka," Maroa alisema. "Mtu wa Kisii, ananunua samaki Homa Bay. Msabato kabisa. Leo jua likizama, Sabato imeingia. Hawezi kukubali imkute barabarani akihangaika na gari. Zablon, utamwambia nini?"

"Mzee, panda gari ya watu uende nyumbani. Hii nitatengeneza, nikuletee Jumapili."

"Na atakuachia funguo," Maroa alimalizia, akicheka. "Hakuna bunduki. Hakuna kisu. Anatupa pesa, halafu anaturudishia gari na asante juu."

Walikuwa wameshaucheza mchezo huo mara kadhaa, wakibadilisha rangi na namba, na Zablon alikuwa ameuchoka. Kila akiona kofia ya askari alibadilisha njia. Alitaka gereji yake mwenyewe kule Kehancha, na alimtaka Dorine ndani ya nyumba yake, basi.

"Umeniahidi ya mwisho," alisema.

"Na ni ya mwisho. Nimeshaiona Datsun pikapu, nyeupe, reli nyuma. Pesa ya Pijo ikiingia, hiyo ni yako. Unaenda zako. Mimi na wewe tumetahiriwa siku moja, Zablon. Nikudanganye kweli?"

Zablon aliona aibu kwa kuuliza.

Saa saba. Njia ya Homa Bay.

Zablon aliendesha, Dorine kando yake. Mji ulipokaribia, Dorine aligusa usukani.

"Simamisha."

Zablon alisimamisha kando.

"Wiki jana Maroa alisema ameenda matanga kwao. Hakuenda. Roseline, dada yangu mwenye hoteli, amemwona hapa Homa Bay. Alikuwa amekaa na Mayaka wanakula samaki. Na karao wawili, polisi kabisa, kwa meza hiyo hiyo."

"Mayaka ni mnunuzi. Lazima wangeonana."

"Na karao? Pia wananunua Pijo?"

"Roseline ameona vibaya."

"Omera, geuza gari. Twende hata Tanzania. Hii gari ni yetu, petroli iko."

Zablon alitazama mikono yake. Alikumbuka asubuhi ile ya baridi, wavulana wamepangwa mstari, Maroa kushoto kwake. Kisu kilikuwa kimoja. Maroa hakupepesa jicho, na kwa kumwona yeye, Zablon naye hakulia. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemwamini zaidi.

"Hujui rika ni nini kwetu," alisema.

"Sijui. Najua kile Roseline ameona." Sauti yake ilishuka. "Nimekuambia wewe peke yako. Usipeleke kwake. Nyasaye akusaidie usipeleke."

"Sitapeleka."

Saa nane. Homa Bay.

Alipeleka. Dakika chache tu, nyuma ya kituo cha petroli ambapo Maroa alikuwa akiwasubiri, Dorine akiwa ameenda kukutana na mnunuzi. Mwache mtu amcheke Zablon, lakini awe amekulia Kehancha kwanza. Kusikia mwenzako wa rika akisemwa vibaya na ukanyamaza, kwao hilo lilikuwa sawa na kumsema wewe mwenyewe. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, akalitema.

Maroa alisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika. Alimshika bega.

"Umefanya vizuri kuniambia. Moyo wa mwanamke ni mwoga tu. Wewe tangulia Rangwe. Nitaongea na yeye mimi mwenyewe."

Zablon alidandia lori la mchanga akiwa mwepesi moyoni. Alijiona mtu mzuri.

Saa kumi na moja na nusu. Mteremko wa Rangwe.

Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu juu ya mashamba ya mahindi. Zablon alisikia ekzosi kabla ya kuliona gari. Kisha akasikia injini ikikohoa mara moja, ikakohoa tena, ikafa. Pijo liliteremka kimya na kusimama hatua chache kutoka alipokaa. Alijisifu kimoyomoyo, akachukua kisanduku chake.

Mayaka alikuwa peke yake. Mwembamba, miwani, shati jeupe la kanisani.

"Fundi! Ni Mungu amekuleta."

"Shida ni nini, mzee?"

"Imezima yenyewe. Na Sabato inaingia."

"Fungua boneti tuone."

"Boneti ya nini?" Mayaka aliinama, akafunua zulia miguuni mwake. "Kwani koki si iko hapa?"

Aliigeuza. Akawasha. Injini ikanguruma.

Askari wawili walitoka kwenye mahindi, bunduki mbele. Land Rover ikateremka nyuma yao. Zablon hakukimbia. Aliweka kisanduku chini. Wazo lake la kwanza lilikuwa Dorine. Watu watatu tu waliijua koki ile. Ameniuza, alisema moyoni, mwanamke huyu ameniuza, na alimlaani vibaya huku pingu zikifungwa.

Hapo ndipo pikapu ilipopita. Datsun, nyeupe, reli nyuma. Maroa alishika usukani kwa mikono miwili. Hakugeuza kichwa. Hakupepesa jicho.

Zablon alipiga hatua kuelekea barabarani. Askari alimvuta nyuma.

"Hiyo ilikuwa gari yangu," Mayaka alisema, akiitazama ikiishilia. "Ni bei ambayo yeye mwenyewe alitaja. Mliibia shemeji yangu hivi hivi. Huyo rafiki yako tulimpata wiki jana, akalia, akasema tumwachie atuletee fundi."

"Maroa alilia?"

"Kama mtoto."

Mayaka alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Alionekana kama mtu asiyefurahia kazi hii.

"Yule mama hakuwa kwa mapatano. Alikuwa aachwe aende zake. Ni leo mchana, saa nane hivi, ndiyo rafiki yako amekuja mbio akasema tumchukue na yeye, anajua mengi."

Askari alifungua mlango wa nyuma wa Land Rover na kumsukuma ndani.

Dorine alikuwa ameketi kwenye benchi la chuma, pingu mikononi, leso ya mjane bado shingoni. Yeye aliyeweza kulia popote alipoambiwa, sasa macho yake yalikuwa makavu. Alimtazama Zablon.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema.

Kisha akasogea kidogo, ampe nafasi ya kukaa.