Kanda Iliyovunjwa Vijino

Mke wa muuza kanda aliposikia mwanamke akisafisha koo ndani ya wimbo wake mwenyewe, kitu cha kwanza kumpata hakikuwa woga. Kilikuwa wivu, tena ule wa kuuma meno.

"Nani huyo?" akamuuliza mumewe.

"Si wewe?"

"Mimi nikikohoa sijijui? Nakuuliza, nani huyo?"

Mume akainamia redio, akapunguza sauti. Alijua, na mkewe alijua kwamba anajua.

Mwanamume huyu aliuza kanda na santuri kuukuu. Zamani watu walimcheka, wakamwita Bwana Makumbusho. Mambo yakageuka. Vijana waliochoka na muziki wa simu wakaanza kumiminika dukani kwake, wanataka kanda zinazokwaruza, wanataka na kamera za filamu, eti vitu hivyo ndivyo vyenye roho. Eti roho! Wangejua.

Ndani ya katoni moja aliyoletewa mlikuwa na kanda isiyo na maandishi. Vile vijino viwili vya plastiki vya juu vilikuwa vimevunjwa, na kila mwenye kazi hiyo anajua maana yake: aliyevivunja hakutaka mtu arekodi juu yake. Aliimba humo mwanamke mmoja peke yake, bila ngoma wala gita. Muuza kanda akawa anamsikiliza kila jioni, macho ameyafumba.

Mkewe ni fundi cherehani, anaimba kutwa nzima kwenye mashine yake. Siku moja akaingia dukani, akamkuta mume katika hali hiyo. Miaka yote ya ndoa, hajawahi hata mara moja kumsikiliza yeye akiwa amefumba macho! Roho ikamchafuka.

"Mfute huyo," akasema. "Niimbe mimi juu yake."

"Mke wangu, hii imevunjwa vijino..."

"Si huwa unaziba matundu na selotepu? Ziba basi! Au unamwonea huruma?"

Mume akatoa selotepu. Akaziba. Mke akaimba mpaka kanda ikafika mwisho, akarudi nyumbani kifua mbele.

Sasa ndiyo hiyo, mtu anakohoa ndani ya wimbo. Walipoicheza tena hakikuwa kikohozi, lilikuwa neno zima. Kila ikichezwa, sauti ya mgeni inanenepa, ya mke inakonda. Laiti ingekuwa kwenye kanda tu! Koo la mke likaanza kukauka. Akiwaita watoto hawasikii. Akianza kuimba kwenye cherehani unatoka upepo. Na mashati ya mume yakawa yananuka marashi mazito ya kizamani. Alipoyanusa alilia kwa hasira kabla hajalia kwa hofu.

Mchana mmoja akaenda dukani na mkasi wake wa kukatia vitambaa. Mume alikuwa ametoka, na umeme umekatika mtaa mzima. Akaikuta redio ya kanda imechomolewa, waya umezungushwa vizuri juu yake, na magurudumu ya kanda yanazunguka taratibu, na yale marashi yakamjaa puani, na alipotaka kupiga kelele akagundua hana hata mnong'ono, maana sauti yake yenyewe, ile aliyozaliwa nayo, ile aliyowabembelezea watoto, ilikuwa inatoka ndani ya ile redio, mbali, kama ya mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma, na juu yake, karibu kabisa na sikio, mwingine akasema kwa upole, "Dada, uliimba juu yangu. Na mimi nitaimba juu yako."

Mume aliporudi alimkuta amejikunyata chini ya kaunta.

Mume akampeleka kwa shangazi yake, ambaye kazi yake ni kusomea watu wenye majini, akamweleza yote. Akawakalisha mbele ya jiko la mkaa.

"Mtu alimtuliza jini humo, nanyi mkamchokoza," akanong'ona. "Mwanangu, vuta utepe wote, uchome kwa mkono wako. Wote! Ukibakiza hata wa urefu wa kidole, hatatoka. Atahama."

"Atahamia wapi, shangazi?"

Shangazi akamtazama mke. Akafumba macho, akaanza kusoma.

Mume akavuta, akachoma, moshi mweusi ukajaa chumbani. Mke hakuutazama moto, alitazama mikono ya mumewe. Ndipo alipouona mkono mmoja, mwishoni kabisa, ukipenyeza kipande cha utepe mfukoni mwa shati. Akataka kusema. Hana sauti. Akamrukia, akaushika ule mfuko kwa kucha, na shangazi akashtuka akamkumbatia kwa nguvu, akamlaza chini.

"Amepanda huyo! Mshike miguu! Karibu anatoka!"

Utepe wa mwisho ukaungua. Mke akatulia.

"Sema, mwanangu," shangazi akasema, machozi yakimlengalenga. "Sema neno, tusikie."

Akafungua mdomo aseme, "Amebakiza." Kwanza akasafisha koo. Kisha ukatoka wimbo mtamu, bila ngoma wala gita, na haukuwa wake.

Shangazi akapiga kigelegele. Na mume, mkono ukiwa mfukoni, akafumba macho.

"Rudia, mke wangu," akasema. "Rudia tena."