Kurasa Tatu za Mjomba

Haya yalimpata rafiki yangu mmoja, anayepanga kurasa za vitabu kabla ya kuchapwa, na mpaka leo hataki kuyarudia.

Alipokuwa akipanga kitabu cha maisha ya mjomba wake kwa ajili ya kuchapwa, kurasa tatu zilizidi. Ili kubana matumizi ya karatasi, akazifuta zile za mwisho kimyakimya. Mzee alipofungua nakala yake alisema tu, "Umenikata ulimi, mpwa wangu," na hakumsemesha tena hadi walipomzika.

Mwaka huu mjane wa mjomba akataka kitabu kisomeke kwenye simu.

"Huko hakuna karatasi ya kubania," alimwambia kwa uchungu. "Zirudishe zile tatu."

"Sawa, mama," alijibu, ingawa hakuwa nazo tena.

Akakihamisha kitabu vilevile kilivyokuwa, kisha akaiachia simu ikisome kwa sauti ili ahakikishe hakuna kosa. Umeme ukakatika, na chumba chake kisicho na dirisha kikawa giza totoro. Sauti ya simu ilisoma mpaka neno la mwisho, ikanyamaza.

Ndipo simu ikakohoa kikohozi kikavu, mara mbili, kama mjomba alivyokohoa kila alipotaka kuanza kuzungumza. Halafu, karibu kabisa na sikio lake, akasikia karatasi ikifunuliwa polepole. Kisha ya pili. Kisha ya tatu.