Isale Lililofutwa

Flavia alikuwa akirudi nyuma pale sokoni Moshi mjini, apate picha nzuri ya mikungu ya ndizi. Mara akamkanyaga mtu! Kugeuka, kaka wa shati la drafti, ananukia dawa za kusafishia picha.

"Dada, una macho kisogoni?"

"Ningekuwa nayo ningekuona mapema, kaka mzuri hivyo!"

Mapenzi yakaanzia hapo. Flavia, mzaliwa wa Mwanza, alihariri picha nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta. Kaka huyo, Sylvanus, bado alisafisha zake kwenye chumba cha giza, simu akiiacha nje, maana mwanga wake huunguza karatasi za picha.

"Mpenzi, toka gizani," Flavia alimtania kutwa, hadi akakubali. Akamletea negativu, filamu ya picha anayoipenda kuliko zote: marehemu baba yake na baba mdogo Thadeus, siku ndugu hao walipopatana.

"Isafishe, mrembo. Ondoa vumbi na mikwaruzo."

Akaisafisha, tena sana! Picha ikatundikwa nyumbani kwa kina Sylvanus, Old Moshi, siku ya misa ya kumbukumbu ya marehemu. Mchana simu ikalia.

"Flavia, umemfanya nini baba yangu?"

"Kwani vipi, beibi?"

"Alishika isale mkononi! Liko wapi?"

Flavia akakumbuka. Lile jani? Alidhani ni nyasi iliyopita mbele ya kamera, akalifuta.

"Kwetu Moshi, isale ndilo msamaha wenyewe! Baba mdogo anasema tumeufuta. Ameondoka bila kugusa chakula. Usinipigie tena!"

Salale! Kilio alicholia Flavia, mto ulilowa. Asubuhi akavaa gauni la kitenge, akapanda Old Moshi. Mama yake Sylvanus akamkatia isale mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akamfundisha kulifunga fundo. Akaenda kumpigia magoti Mzee Thadeus.

"Shikamoo baba. Aliyefuta ni mimi. Sikujua."

Mzee alikodoa macho. Binti wa Mwanza na isale! Akalipokea, maana isale halikataliwi.

"Haya, mpigie huyo kichaa wako."

Simu ilipokelewa papo hapo. Mzee akaidaka.

"Sylvanus, yameisha. Posa unapeleka lini Mwanza?"

"Yesu wangu!"

Flavia, mdomo wazi, akaichukua simu. "Uko wapi?"

"Chumba cha giza. Nilikuwa nasafisha upya picha ya baba. Boksi lilikuwa wazi, karatasi zimeungua zote."

"Mungu wangu! Si simu huwa unaiacha nje?"

"Leo niliingia nayo," alisema. "Niliogopa utapiga nisisikie."