Mwendo wa Saa Nane

Brahim Zerhouni alikutwa kifudifudi kando ya meza ya futari, kichwa kimepasuliwa kwa mchi wa shaba. Supu ya harira ilikuwa imeganda. Bakuli zilikuwa mbili.

"Alimkaribisha mwenyewe," Sajini Ghizlane alisema. "Majirani hawajaona kitu. Adhana ya magharibi ikilia, mtaa huu hata paka hayupo."

Inspekta Hmad Aflou aliguna tu. Siku ya ishirini ya mfungo, na sasa maiti! Alikuwa amechoka mpaka kope.

Kesho yake, magharibi ikikaribia, mdogo wa marehemu aliketi mbele yake kituoni, Ghizlane akiandika maelezo. Yassir, mkazi wa Dubai. Muhuri wa pasipoti ulionyesha aliingia Casablanca siku ile ile ya mauaji, ila muhuri hauandiki saa. Maabara waliahidi majibu ya alama za vidole kesho. Uwanja wa ndege nao waliahidi orodha ya abiria kesho. Mwezi huu kila kitu ni kesho, na Yassir alikuwa na tiketi ya kurudi usiku huu huu.

"Kaka yako yuko mochari, nawe unaondoka?"

"Kazi haina huruma, Inspekta."

"Jana ulitoka Dubai saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri. Ni mwendo wa saa nane. Mnasema aliuawa magharibi, na magharibi mimi niko angani. Sasa mnataka niwe na mbawa?"

"Futari ulikula wapi?"

"Humo humo ndegeni. Hata nusu ya safari hatujafika, jua likazama, tukagawiwa tende na maziwa."

"Uliliona likizama?"

"Kwa macho yangu mawili."

Aflou alijifikicha uso. Wahenga hawakukosea, njia ya mwongo ni fupi.

"Ndugu yangu, mwaka juzi nilipanda ndege hiyo hiyo ya mchana nikiwa nimefunga. Tulielekea magharibi, jua nalo linaelekea huko huko. Likagoma kuzama! Dubai walishamaliza tarawehe, sisi bado tumeshika tende mkononi. Tulifuturu Casablanca iko karibu kuonekana. Wewe ulikuja na ndege ya asubuhi."

Mabega ya Yassir yakashuka.

"Mama alifariki wiki iliyopita, alfajiri," alisema. "Brahim akanipigia simu. Nikamwambia, nisubiri, nakuja sasa hivi. Alasiri akawa ameshamzika. Akanambia nisijisumbue, njia ni ndefu."

"Maiti haicheleweshwi, Yassir."

"Saa nane tu! Mama alinibeba miezi tisa, yeye akashindwa kunisubiri saa nane? Sikuuona uso wake, Inspekta. Jana nikamwuliza kwa nini. Akanisogezea bakuli, eti kula kwanza, umechoka na safari. Mchi wa mama ulikuwa pale pale."

Ghizlane aliacha kuandika.

"Na tiketi ya usiku huu?" Aflou aliuliza.

"Nilitaka azikwe mimi sipo. Aonje."

Msikiti wa jirani ukaadhini magharibi. Aflou hakusikia raha yoyote ya kesi kwisha. Alivunja tende, nusu akamsogezea Yassir mezani.

"Futuru," alisema. "Kesho nitakupeleka ukamzike kaka yako. Wewe tutakusubiri."