Gunia Lililoingia kwa Jirani

Cherehani cha Mama Pacha kilikaa dirishani, na dirisha lilitazama geti. Kwa hiyo hakuna kitu kilichoingia katika nyumba ile ya wapangaji bila yeye kukiona. Alijua nani amenunua godoro, nani amerudi na samaki, nani amerudi mikono mitupu. Mguu ulikanyaga pedali, mikono ilisukuma kitambaa, na macho yalikuwa getini.

Aliitwa Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zake wawili wa miaka tisa, waliofanana kama sahani za seti moja. Mume wake alichomelea milango na madirisha ya chuma. Hawakuwa matajiri, lakini kazi ilikuwepo.

Tarehe moja, asubuhi, mguu wake ulisimama juu ya pedali.

Mkokoteni ulikuwa unaingia getini. Ulibeba gunia la mchele la kilo hamsini na dumu la mafuta ya kupikia. Nyuma yake alitembea jirani wa mlango wa pili, mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyepika katika shule moja ya bweni. Watu wote walimwita Mpishi. Mume wake alikuwa mlinzi.

"Habari za kushona, Mama Pacha?" Mpishi alisalimia.

Mama Pacha akakanyaga pedali kwa nguvu. Cherehani kikapiga kelele. Hakuitikia.

"Mlinzi!" alijiambia. "Mume wangu anapata zaidi ya mlinzi. Hawa gunia zima kila mwezi wanalitoa wapi?"

Roho ilimuuma. Na haikuwa kwa sababu ya gunia tu. Mwaka jana mama mkwe wake alikuja kuwatembelea tarehe ishirini na sita. Ndani hamkuwa na kitu ila chai isiyo na sukari. Mama mkwe alitoka kwenda kusalimia majirani. Alirudi baada ya saa nzima, akijifuta midomo.

"Yule Mpishi ana mkono," alisema. "Maharage yake yameiva mpaka yanateleza yenyewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mama Pacha aliyameza maneno yale kama mwiba wa samaki, na mpaka leo hayajashuka.

Basi mchana ule alifunika cherehani. Alichukua pesa yote ya chakula cha mwezi, akaenda sokoni. Alirudi na gunia la kilo hamsini na dumu kubwa kuliko la jirani. Alimwomba mwenye mkokoteni apite polepole mbele ya mlango wa Mpishi.

Jioni mume wake alilizunguka gunia kama mtu anayekagua gari bovu.

"Mke wangu, sisi tuko wanne. Umeandikisha jeshi?"

"Wenzetu wananunua."

"Wenzetu gani?"

"Wewe kula tu, Baba Pacha."

"Na maharage? Na sukari? Na sabuni?"

"Vitapatikana."

Mchele ulikuwa mwingi, basi na mkono ukawa mwepesi. Mama Pacha alichota kwa bakuli bila kuangalia. Mafuta aliyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Asubuhi kulikuwa na wali wa jana wa kumwaga.

Ilipofika tarehe kumi na nane, dumu lilikuwa jepesi kama kofia. Maharage hayakununuliwa kabisa. Kila siku Mama Pacha alikwenda dukani kununua vipakiti: kipakiti cha sukari, kipakiti cha mafuta, kipande cha sabuni. Vipakiti ni vidogo, na bei yake ukijumlisha ni kubwa. Pesa yote ya kushona iliishia pale.

"Mama Pacha," mwenye duka alimtania, "nikuwekee kitanda hapa, upumzishe miguu?"

Alicheka kwa meno tu.

Gunia nalo lilikuwa limeegemea ukuta wenye unyevu, mdomo wazi. Siku moja pacha mmoja aliinama akalitazama sana.

"Mama," alisema, "mchele unatembea."

Walikuwa fukusi, wale wadudu weusi wadogo wa nafaka.

Mwisho wa mwezi simu iliita. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, mwezi ujao tarehe ishirini na saba nina kliniki ya macho huko. Nitakaa kwenu siku tatu."

"Karibu sana, Mama. Nyumba ni yako."

Mdomo ulikaribisha, vidole vilihesabu siku. Tarehe ishirini na saba! Kwa nini asije tarehe mbili kama watu wengine? Tayari alimwona mama mkwe akivuka ukumbi kwenda mlango wa pili. Tayari alimwona akirudi huku anajifuta midomo.

"Safari hii," alijiambia, "atakula kwangu. Hata kama nitashona mpaka vidole viote sugu."

Tarehe moja ikafika. Gunia la Mpishi likapita tena getini. Mama Pacha hakutaka hata kulitazama. Alichukua ungo wa mchele wenye fukusi, akaenda uani, nyuma kabisa ya nyumba, kwenye masinki ya kufulia. Asubuhi huko hakuna watu. Angechagua wadudu wake bila kuonekana.

Watu walikuwepo.

Gunia la Mpishi lilikuwa limefunguliwa, na mizani ilikuwa pembeni. Mpishi alikuwa anachota. Mwalimu wa chekechea, jirani wa nyumba ya nyuma, alishika mfuko. Mke wa kinyozi, naye wa huko nyuma, alisoma mizani.

"Kumi na tano," alisema mke wa kinyozi. "Ukiongeza punje, nakushtaki."

Mwalimu alifunga mfuko wake, akaaga, akatoka kwa mlango wa nyuma, ule usioonekana kutoka dirishani. Mama Pacha alibaki ameshika ungo.

"Kumbe gunia si lako?" maneno yalimtoka.

"Langu peke yangu?" Mpishi aliangua kicheko. "Niliweke wapi, chini ya mto? Ni la nyumba tatu. Tunachanga, tunanunua kwa jumla, tunagawana. Ukinunua gunia, kilo inakuwa nafuu kuliko dukani. Mafuta nayo hivyo hivyo."

"Mbona sijawahi kuona mkigawana?"

"Dirisha lako linaona kinachoingia. Kinachotoka halikioni."

Mama Pacha alihisi uso unawaka. Mwezi mzima alikuwa ameshindana na nyumba tatu!

"Na mimi mbona hamkuniita?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu.

Mke wa kinyozi aliitazama mizani kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Mpishi ndiye aliyejibu, taratibu.

"Mama Pacha, mimi nakusalimia kila asubuhi. Anayeniitikia ni cherehani."

Mama Pacha aliinamia ungo wake. Fukusi mmoja alikuwa anapanda mkono wake. Mpishi alimwona. Hakucheka. Alimwondoa kwa kidole.

"Umebaki na mchele kiasi gani?"

"Karibu nusu gunia."

"Haujaharibika. Pepeta, chagua, anika juani. Kisha weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na ukuta. Uoshe vizuri kabla ya kupika."

"Sawa. Na leo mnipimie kilo ishirini."

"Za nini?"

Mama Pacha alifikiri. Ukweli ni kwamba mwalimu alichukua kumi na tano, na yeye hakutaka kuwa chini ya mwalimu. Lakini jibu kama hilo halisemeki.

"Kaa hapa," Mpishi alisema, akamsogezea kiti kidogo. "Pale shuleni mtunza stoo haniulizi nimeona nini kwa jirani. Ananiuliza maswali mawili tu: wanakula wangapi, na siku ngapi? Wewe nyumbani mnakula wangapi?"

"Wanne."

"Jioni moja unapika vikombe vingapi vya mchele?"

"Nachota kwa bakuli."

"Bakuli halina hesabu. Chukua kikombe kimoja, kiwe hicho hicho siku zote. Jaza, kisha pitisha mkono juu, kiwe sawasawa." Alionyesha. Punje za ziada zilianguka. "Watu wanne, jaribu vikombe vitatu. Wali mnakula siku ngapi kwa wiki?"

"Nne."

"Vitatu mara nne?"

"Kumi na mbili."

"Kwa wiki nne?"

Mama Pacha alihesabu kwa vidole, kama anavyohesabu vifungo vya shati. "Arobaini na nane."

"Kikombe changu hiki, vitano vinafika kilo moja. Kwa hiyo mwezi mzima unahitaji kama kilo kumi. Wewe ulinunua ngapi?"

"Hamsini," alijibu kwa sauti ndogo.

Mke wa kinyozi alikohoa ili asicheke. Halafu Mama Pacha mwenyewe akacheka, na wote wakacheka.

"Basi mwezi huu hununui mchele," alisema Mpishi. "Pesa yako iende kwenye vilivyokosekana: maharage, sukari, mafuta, sabuni. Andika kwanza nyumbani, ukiwa umeshiba. Ukifika sokoni, soma karatasi, usisome kikapu cha mwenzako."

Maneno hayo yalimpata. Hata hivyo aliendelea kusikiliza.

"Halafu gawa chakula mafungu manne. Mimi nina ndoo nne, kila wiki na ndoo yake. Ya pili haifunguliwi mpaka siku yake. Ikiisha mapema, natafuta sababu. Na kutoka kila ndoo natoa kidogo, naweka kwenye kopo la mgeni. Mgeni hana tarehe."

"Wangu anayo," alisema Mama Pacha. "Ishirini na saba."

Jioni hiyo familia nzima ilikaa sakafuni. Baba Pacha alileta ndoo nne za rangi kutoka kazini. Mama Pacha alizitazama, akatikisa kichwa.

"Za rangi hatuwekei chakula. Hizo za kufulia."

Mwenye duka aliwauzia kwa bei ndogo ndoo nne zilizokuwa na mafuta ya kupikia. Mapacha walizisugua, wakaandika namba kwa wino. Mama alipima, baba aliandika, na pacha mmoja alipitisha mkono juu ya kila kikombe kwa ukali wa hakimu.

Wiki ya kwanza ndoo iliisha siku moja mapema. Walitafuta sababu, wakakuta ni sukari: Baba Pacha alikuwa anaweka vijiko vinne katika chai.

"Hiyo ni chai au asali?" Mama Pacha aliuliza.

"Nachomelea chuma, mke wangu. Chuma kinataka nguvu."

Wakakubaliana vijiko viwili.

Wiki ya tatu jaribu lilikuja. Mkokoteni uliingia na boksi kubwa, ukasimama mlangoni kwa Mpishi. Mguu wa Mama Pacha uliganda. Boksi la nini? Jiko jipya? Sufuria? Moyo ulianza kumchoma kama zamani. Aliinuka, akaenda kwenye kabati, akagusa bahasha yenye pesa ya mboga za wiki ya nne. Ingetosha kununua kitu. Chochote, mradi kipite getini.

Ndoo ya nne ilikuwa chini ya kabati, imefungwa, na namba yake ilimtazama. Alimkumbuka mama mkwe. Alirudisha bahasha, akarudi kwenye cherehani. Alishona gauni zima akiwa amekunja uso. Hakuuliza boksi lilikuwa la nini, na hakujua kamwe.

Tarehe ishirini na saba mama mkwe alifika na mfuko wake wa kliniki. Mama Pacha alifungua ndoo ya nne na kopo la mgeni. Alipika wali. Alipika maharage, na aliyaacha jikoni mpaka yakateleza yenyewe. Mama mkwe alikula, akaongezewa, akamaliza.

"Mwanangu," alisema, "umepata mkono."

Kisha akavaa kandambili. "Ngoja nikamsalimie Mpishi."

Kijiko kilimwanguka Mama Pacha. Ameshiba, na bado anakwenda kule! Alianza kuosha vyombo kwa kelele, kila sahani ikilipa deni la jirani.

Dakika tano hazikupita. Mama mkwe alirudi, na safari hii hakuwa anajifuta midomo. Alikuwa amemshika Mpishi mkono. Mpishi alikuwa na kikombe kitupu, na aibu kidogo usoni.

"Nimemkuta mwenzako anakunywa chai isiyo na sukari," alisema mama mkwe. "Nikamwambia twende kwetu, kwetu sukari ipo."

Kwetu! Mama Pacha aliweka sahani chini.

"Shemeji zangu walikuja watano Jumamosi," Mpishi alieleza. "Wamekaa siku tatu. Kopo la mgeni limeisha, na ndoo ya nne nimeona sakafu yake. Nikopeshe kikombe kimoja, tarehe moja nakurudishia."

Mama Pacha alichukua kikombe. Alichota sukari, akapitisha mkono juu, kikawa sawasawa.

"Umejifunza," Mpishi alitabasamu.

"Ngoja." Mama Pacha akaongeza kijiko, kisha kijiko kingine, mpaka sukari ikafanya kilima. "Kikombe ni cha kukopa. Kilima kinatoka kwenye kopo la mgeni."

"Mimi mgeni? Ukuta mmoja?"

"Leo wewe ni mgeni. Tarehe moja ni mchangaji mwenzangu, na mimi ndiye nitakayesoma mizani."

Mpishi alicheka, akaondoka akitembea taratibu ili kilima kisimwagike. Mama Pacha alisimama mlangoni, akakisindikiza kikombe kwa macho mpaka kikapita kizingiti cha mlango wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu kikiingia nyumba ile bila roho kumuuma.