Bahasha ya Mkasi

Kila asubuhi, kabla ya shule, nilikuwa nafagia nyuzi chini ya cherehani ya mama. Mama alikuwa akileta nyumbani kazi za karakana ya sare; tangu aachishwe, hapakuwa na nyuzi tena. Nilifagia vumbi tu.

Aliyesababisha ni jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke mkataji vitambaa wa karakana hiyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi. Alikata mikono ya mashati arobaini ikawa mifupi, kisha akamwambia tajiri kwamba mama ndiye aliyeikunja vibaya. Mama alinyamaza. Mimi nina miaka kumi na miwili na si mtu wa kusamehe upesi. Niliapa kwamba siku yake itafika.

Baadaye karakana ilifungwa, Mkasi naye akabaki bila kazi. Ndipo kiwanda cha nguo kikatangaza nafasi. Mama aliandika barua ya maombi, akaitwa kwenye mtihani wa vipimo, akapita. Mkasi naye akapita. Zilibaki hatua mbili: jaribio la kazi, kisha usaili.

Ijumaa tarishi wa kiwanda alinikuta mlangoni. Alinipa bahasha ya mama, ya kumwita kwenye jaribio la Jumatatu, halafu nyingine kama hiyo.

"Jirani yenu hayupo. Mpe akirudi, usisahau."

"Sisahau," nikasema.

Na kweli sikusahau. Niliisukuma chini ya godoro langu, nikailalia kwa raha zangu.

Jumamosi Mkasi aliniuliza, "Mwanangu, tarishi hajapita huku?"

"Sijamwona," nikajibu bila kupepesa macho. Aliondoka ameinamisha kichwa. Nikajisemea, na bado.

Jumatatu tulikuwa likizo, nikamsindikiza mama kiwandani. Ukumbini palikuwa na cherehani na meza ndefu za kukatia. Msimamizi, mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni, alifungua daftari.

"Hapa hakuna anayefanya kazi peke yake," alisema. "Mkataji mmoja, mshonaji mmoja, shati moja. Likiharibika, mnarudi nyumbani wote wawili."

Alianza kuwapanga. Mwenzake mama alikuwa Mkasi.

"Hajafika? Basi na mshonaji wake hana cha kushona. Pole, mama."

Mama alianza kukunja aproni yake taratibu. Miezi yote ile ya kungoja, nami ndiye niliyeiharibu.

"Barua yake ninayo mimi," nikasema. "Niliificha makusudi."

Mama hakunigombeza. Aliniangalia tu, na afadhali angenichapa. Msimamizi alitazama saa ya ukutani.

"Ikifika saa tatu hayupo, nafunga daftari."

Nilikimbia mpaka mbavu zikaniuma. Nilichomoa bahasha, nikamkuta Mkasi anafua. Aliisoma huku povu likimdondoka mikononi.

"Umenifichia siku tatu?"

"Ulimsingizia mama yangu."

Alivaa viatu, akatoka mbio mbele yangu.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika nne. Mkasi alipima mkono wa shati mara tatu kabla ya kukata. Mama akashona. Shati lilitoka safi, mikono sawasawa.

Kwenye usaili waliitwa wawili wawili. Nilikaa kwenye benchi nje, mlango ukiwa wazi.

"Kazi ya kwanza uliachishwa kwa nini?" msimamizi alimuuliza mama.

Mkasi akawahi kujibu. "Ile mikono niliikata mimi. Niliogopa kufukuzwa, nikamsukumia yeye."

Kisha nikasikia msimamizi akiwaambia waje wote wawili wiki ijayo, na kwamba Mkasi atakuwa chini ya uangalizi kwa miezi mitatu.

Njiani Mkasi alitangulia. Nilimwambia mama ukweli wangu: "Bado nina hasira naye."

"Hata mimi ninayo," mama alisema. "Nilikosea kunyamaza. Ukidhulumiwa, sema mbele za watu. Lakini kisasi cha kujificha hakichagui, mwanangu. Ulitaka kumkata yeye, ukakata riziki yetu. Sasa nenda kamwombe radhi kwa uwongo uliomwambia."

"Na yeye je?"

"Yake ameshasema. Imebaki yako."

Nilikwenda nimenuna, lakini nilikwenda.